Mchezaji wa Bwana Mpira

Vijana wakikaa kwenye kibaraza changu hapa Kilakala mjini Morogoro hubishana nani alikuwa wa kwanza katika mji huu kula kwa mguu wake. Hutaja watu wa juzi, watu wenye viatu. Mimi huwaacha waseme mpaka wachoke, kisha nawaambia: hamjui kitu. Wa kwanza namjua mimi. Nilikuwa nyuma yake, nimesimama kati ya mianzi miwili, nalinda mlango.

Sikusoma. Herufi nilifundishwa na karani mmoja wa dukani, nami nikampasulia kuni. Mkono unaoandika haya ndio uliojenga nyumba za mawe mnazopanga, ninyi na shemeji zenu. Anayetaka maneno laini atafute mtu mwingine.

Jina lake silitaji. Jina hilo sasa analo mjukuu wa dada yake, kijana mwenye adabu, na sitaki asimamishwe njiani aulizwe maswali. Sisi tulimwita Mchezaji, na ilitosha, kwa sababu mwingine hakuwapo.

Wakati huo nchi ilikuwa ya Mjerumani. Chini ya mlima palikuwa na shamba kubwa la miti ya mpira, na mwenye kulisimamia alikuwa Mjerumani mmoja mwekundu wa shingo, tukimwita Bwana Mpira. Sisi tulikuwa wagema. Unachanja gome alfajiri, unakinga utomvu, unaukusanya kabla jua halijaukausha. Kazi ya kunata. Hata ugali tulikula kwa vidole vinavyonata.

Sasa Bwana huyo alikuwa na ugonjwa. Aliletewa kutoka kwao duara la ngozi, lenye pumzi ndani, akawa kila Jumapili analipiga teke na wenzake. Wenzake wakapungua, wengine kwa homa, wengine kwa kurudi kwao. Akaona bora afundishe watu weusi. Akamwambia akida, akida akawaambia majumbe, majumbe wakapiga mbiu mpaka Mlali: Bwana anataka vijana wanaojua mpira.

Huko Mlali alikuwapo mzee mmoja mwenye kifua kibovu. Alikuwa amemlea mtoto wa dada yake, na dada huyo alikwisha kufa. Kwetu Uluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba ni mgeni mwema tu. Mzee aliposikia mbiu akasema, "Wa kwangu anajua mpira. Tangu mdogo tunakwenda naye msituni kuukata." Akamnolea kisu, akampa na kibuyu, akamtuma.

Nilikuwapo alipofika. Bwana alimtazama miguu, akakubali kwa kichwa, akamrushia lile duara. Kijana akalidaka, akaligeuza huku na huku, akalinusa. Kisha akakaa chini, akalibana kwa magoti, akachomoa kisu, akawa anatafuta pa kuchanja.

Bwana alipiga kelele ambayo mpaka leo sijaisikia kwa mtu mzima. Kijana akashtuka, akaruka, na kwa kuogopa akalipiga lile dude teke ili liende mbali naye. Likaenda. Likapita juu ya ghala, likapita juu ya mti, likatua upande wa pili karibu na kisima, wanawake wakakimbia wakaacha mitungi. Bwana akalifuata kwa macho. Akauliza polepole, kwa Kiswahili chake kibovu, "Wewe nani kafundisha?"

Kijana akajibu, "Nisamehe, Bwana. Sikujua kama liko hai."

Hivyo ndivyo alivyoingia. Kuanzia siku ile hakugusa mti. Sisi tulikwenda kugema, yeye alikwenda kukimbia. Sisi tulipewa posho, yeye alipewa posho na nyama juu yake. Mnyapara wetu, mtu wa pwani mwenye kofia nyeupe na maneno mengi, alikuwa akipita naye mbele yetu akisema, "Mtazameni huyu. Ninyi mna mikono, na mikono haijawafaa kitu." Watu walimchukia, kwa nini wasimchukie? Wewe unanuka utomvu, mwenzio anapaka miguu mafuta ya nyonyo mpaka inang'aa kama nguzo ya msikiti.

Miguu hiyo aliiringia kuliko mwanamke na shanga. Hakukubali mtu kumgusa goti. Akikaa, anaiweka kivulini. Mwili wenyewe juani, miguu kivulini. Alikula amesimama, anasema chakula kikishuka haraka hakimlazi. Kabla ya kucheza alitia udhu kama mtu anayekwenda kuswali, na siku za kuswali humwoni. Nilimwuliza. Akasema, "Swala Mungu ananidai mimi. Huu mchezo nadaiwa na mtu, na mtu hana huruma."

Alikuwa mwoga wa mbwa. Huwezi kuamini. Uwanjani anaingia kati ya watu watatu wenye mabega kama mafahali, anatoka na mpira, hana hata mchubuko. Lakini yule mbwa mweusi wa Bwana akikohoa tu, Mchezaji yuko juu ya tanuru la matofali. Nami alinidharau, lazima niseme. Alipenda kuniambia, "Wewe ni mlango. Mlango haupewi nyama."

Nikamwambia, "Na mlango ukifunguka utalia nani?"

"Nitalia mimi, kaka. Ndiyo maana nakuombea dua usinenepe."

Alikuwa mtu wa namna hiyo, anakutukana na kukuombea dua kwa pumzi moja. Alikuwa mwongo pia. Aliwaambia wageni kwamba aliwahi kupiga mpira ukaenda mpaka Gairo, ukarudi umekonda. Lakini jambo kubwa hakudanganya kamwe, na jambo kubwa lake lilikuwa moja tu: mjomba.

Miezi yake ya kwanza shambani alitoroka mara kwa mara kwenda Mlali kumtazama yule mzee. Anarudi, anapigwa, anatoroka tena. Siku zile askari wa akida walikuwa wakipita vijijini kukamata watu wa kubeba mizigo ya serikali na kuchonga barabara. Mwenye nguvu anarudi amekonda. Mwenye kifua kibovu harudi. Mchezaji akamwendea Bwana, nami nasikia, akasema, "Bwana, nipige utakavyo. Mjomba wangu akichukuliwa mzigoni, nakwenda kuubeba mimi, na hapa hunioni."

Bwana alifikiri. Alikuwa amekwisha kushinda watu wa stesheni ya reli mara kadhaa kwa miguu ile, na Bwana wa stesheni alikuwa halali kwa hasira. Akamwita akida palepale. Akamwambia kwamba maadamu kijana huyu anacheza na anashinda, yule mzee wa Mlali asiguswe. Akida akainamisha kichwa. Halikuandikwa neno, lakini wakati ule neno la Bwana mdomoni lilikuwa kama ukuta.

Basi watu walidhani anacheza kwa ajili ya nyama. Anacheza kwa ajili ya kifua cha mzee. Kila akipiga mpira ukaingia, mzee wa Mlali anavuta pumzi mwezi mwingine. Akikosa, uso wake unakuwa wa mtu aliyeangusha mtoto mgongoni. Nilimwona mara moja amekosa karibu kabisa na mianzi, mchezo tulikuwa tunaongoza, hakuna hasara. Lakini alikwenda kujikunyata nyuma ya ghala. Nikamwambia, "Kwani kuna nini, tumeshinda." Akasema, "Wewe unacheza mpira. Mimi nambeba mtu."

Sasa lazima niseme habari ya watani, maana wajukuu wangu siku hizi wakisikia utani wanadhani ni kuchekesha watu.

Kwetu kila ukoo una ukoo wa watani wake. Mtani anakutukana, hukasiriki. Anachukua kuku wako, humfuati. Anaingia nyumbani anafunua chungu, unamsogezea kigoda. Na siku ya msiba ndiye mwenye kazi. Ndiye anayechimba. Ndiye anayejilaza kaburini na kusema maiti hashuki humu mpaka nipewe changu. Ndiye anayemsema marehemu uchoyo wake na vigimbi vyake mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Bila mtani maiti atazikwa, ndiyo, udongo haubishi. Lakini msiba hautoki nyumbani. Unakaa humo na watu kama moshi.

Mchezaji alikuwa na mtani wa rika lake, jirani yao huko Mlali, jitu refu lenye mwanya. Ndiye aliyejilaza kaburini siku ya kumzika mama wa Mchezaji. Alipewa beberu ndipo akatoka, na kabla ya kutoka akapiga chafya akasema mama huyu hata kaburi lake lina ugoro. Mchezaji alikuwa akilisimulia jambo hilo anacheka, machozi yanamtoka, huwezi kujua yapi ni ya kicheko.

Huyo mtani akapata kazi stesheni. Na kwa kuwa alikuwa na urefu, Bwana wa stesheni akamtia katika wachezaji wake.

Siku ya mchezo wetu mkubwa na stesheni walikuja Wazungu wengi, na wake zao wenye miavuli. Wenye maduka wa Kihindi walifunga milango wakaja kutazama. Bwana Mpira alivaa nyeupe mpaka viatu. Nikaona Mchezaji ametia udhu mara mbili, nikasema leo kuna jambo.

Mchezo ulipoanza alichukua mpira kama kawaida yake, akapita wa kwanza, akapita wa pili. Wa tatu ni mtani. Mtani hakumkimbilia. Alisimama, akanyoosha mkono kama mtu anayeomba tumbaku, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Lete hicho, maiti wee. Unakimbia na mali ya watu."

Na Mchezaji akampa.

Alimsukumia kwa kisigino, taratibu, anacheka. Watu wa Mlali waliokuja kutazama walicheka mpaka wakakaa chini. Sisi wagema tulicheka pia. Mimi nilicheka, na nilikuwa bado nacheka yule mtani alipofika kwangu akaupiga mpira ukanipita chini ya mkono. Alirudia tena. "Maiti, nilikwambia ukifa nitakuzika bure, leo nataka malipo." Akapewa tena. Ingekuwa dhambi kumnyima. Hata akiwa upande wa mpinzani, mtani ni mtani.

Mapumziko, Bwana Mpira alikuja kwetu amegeuka rangi. "Kwa nini unampa yule?"

Mchezaji akasema, "Bwana, yule ni mtani wangu."

Bwana hakulijua neno. Akamgeukia mnyapara. "Mtani nini?"

Mnyapara wa pwani alifikiri kidogo. Watu wa pwani wana watani wao, alijua vizuri. Lakini kulieleza jambo hilo kwa Mjerumani aliyekasirika, jua kichwani, kulitaka pumzi ndefu, naye hakuwa nayo. Akasema, "Rafiki, Bwana. Yule ni rafiki yake."

Hilo neno moja. Bwana akaelewa anavyoelewa yeye: huyu anampendelea rafiki, ameniuza mbele ya wake za watu. Akamsogelea Mchezaji, akamwambia polepole, tulisikia sote, "Mpe tena hata mara moja, utaona. Kesho akida anamchukua mzee wako."

Mchezaji alinitazama mimi. Sijui kwa nini mimi. Nikamwambia nilichofikiri, na ndicho ninachofikiri hata leo: "Mzee akiwa hai mtapatana na mtani. Akifa mtapatana na nani?"

Kipindi cha pili akapata mpira, akaenda. Mtani akasimama palepale, mkono uleule, mwanya nje. "Maiti, lete basi, mbona unanisumbua mtu mzima."

Kama angempita kimyakimya, nadhani lingepona. Angesema baadaye kwamba mguu uliteleza, mtani angemdai kuku, yangekwisha. Lakini alikuwa amebanwa, na mtu aliyebanwa husema. Alimpiga bega mtani akaenda chini, na juu yake akasema, "Ondoka. Simjui mtu hapa."

Akapita, akafunga. Akafunga tena, na tena. Tulishinda. Wazungu walipiga makofi, Bwana akamnyanyua mkono kama jogoo aliyeshinda. Watu wa Mlali hawakupiga. Mtani aliinuka, akajipangusa magoti, akamfuata Mchezaji, akampa mkono wa kulia kwa adabu, akasema, "Umecheza vizuri, bwana."

Hakumwita maiti. Alimwita bwana. Nilimwona Mchezaji akibaki na mkono wake hewani kama amepewa kitu cha moto.

Siku ya pili alipewa ruhusa kwenda kwao, na kitambaa cheupe kutoka kwa Bwana ampelekee mzee. Aliniomba nimsindikize, nikaenda. Habari ilikuwa imetutangulia, maana habari ya aibu haichoki kupanda mlima. Mzee alikuwa ameketi mlangoni anakoboa kunde.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Nasikia mtani alikuomba kitu."

"Aliomba mpira, mjomba."

"Ukamnyima."

"Nilimnyima kwa ajili yako. Walisema watakuchukua."

"Na ukasema humjui."

Mzee akakohoa kwa muda mrefu, tukingoja. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau. "Umeninunulia pumzi kwa kuuza kaburi. Pumzi nitaimaliza mwenyewe, mjomba wangu. Kaburi utalinunua wapi?"

Kitambaa hakukigusa. Akachukua fimbo yake, akaingia ndani kuvaa. Tulidhani anakwenda kwa watani kuomba radhi. Alikwenda kwa akida. Alisimama uani kwa akida akasema, "Mimi ndiye yule msiyetakiwa kunigusa. Nipeni mzigo."

Mimi nasema mzee alikosea. Nimebishana na watu wa Mlali juu ya hili mpaka wengine hawanialiki harusini. Kijana alitoa alichokuwa nacho. Lakini mzee alikuwa na akili za watu wa zamani: ulinzi uliopatikana kwa kumkana mtani aliuona kama nyama ya mzoga. Mchezaji alikimbia mpaka shambani akapiga magoti mbele ya Bwana. Bwana akacheka, akasema, "Mimi nimetimiza neno langu. Mzee amejipeleka mwenyewe. Wewe cheza."

Mzee alirudi baada ya miezi, ameletwa kwa machela. Hakukaa sana. Tulipopata habari ya kifo, Mchezaji hakuomba ruhusa kwa mtu.

Nimehudhuria misiba mingi. Ule sitaki kuuona tena. Watani walikuja, wote, na yule mrefu mwenye mwanya mbele yao. Walikuja wamevaa vizuri. Wakaketi mahali pa wageni. Wakatoa pole kwa sauti ya chini, "Poleni sana, ndugu zetu, Mungu amlaze pema." Walichimba vizuri, wakaweka majembe pembeni, wakafuta mikono. Hakuna aliyejilaza kaburini. Hakuna aliyemtukana marehemu. Hakuna aliyegusa hata punje ya chakula mpaka alipokaribishwa, na alipokaribishwa alisema, "Ahsante, inatosha."

Ilikuwa adabu tupu. Nilitamani mmoja wao anitukane hata mimi.

Mchezaji hakuvumilia. Aliingia ndani akatoka na kigoda cha mjomba wake, akakitupa mbele ya yule mrefu. "Chukua. Ni chako. Sema neno." Yule mtani alikiinua kigoda, akakipangusa vumbi, akakirudisha mlangoni polepole. Akasema, "Tunashukuru, bwana. Hatustahili."

Wanawake waliokuwa wakilia walinyamaza. Hakuna kilio kilichoendelea siku ile. Msiba ulibaki nyumba ile, kama nilivyosema.

Baada ya hapo alirudi shambani, akamwambia Bwana hachezi. Bwana alidhani anataka nyama zaidi. Alipoelewa, akaamuru hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya kiserikali, mbele yetu. Mchezaji alilala kifudifudi akapigwa. Alipoinuka akaomba kisu. Akawa mgema kama sisi, na mgema mbaya, anachanja gome mpaka linakufa. Mnyapara alimcheka: "Bwana miguu, karibu kwenye mikono." Jumapili tukicheza yeye alikaa mtoni, mgongo kwetu, anaosha nguo zilizokwisha takata. Mara moja mpira ulimfikia majini. Niliuona unamgonga mguuni. Aliutazama unavyozunguka, akauacha uende na maji, Bwana mwenyewe akaukimbilia na viatu vyake.

Mafuta ya nyonyo aliacha kupaka. Ile miguu ikapauka kama ya mtu yeyote.

Mpira wa miti ulipokosa wanunuzi, shamba likafa, tukatawanyika. Mimi nikaingia biashara, nikianza na mgongo wangu tu, na hapo ndipo nilipotokea mimi mnayemwona. Yeye alikwenda Mlali akalima. Akalima wapi? Jirani na wale watani. Walimwona kila siku. Akivuna, kapu la kwanza anawapelekea. Wanalipokea kwa mikono miwili, wanamshukuru, wanamrudishia kapu limeoshwa. Kapu la mtani halirudi, kila mtu anajua. Niliwahi kumwambia ahame, aende Gairo, huko watu hawaulizi. Akasema, "Nikienda huko nitakuwa mtu mwema. Sitaki. Nataka mtu wa kunitukana." Alisema hivyo huku anacheka, lakini si kile kicheko chake.

Kisha vita vikaja. Mjerumani akaanza kukamata watu kwa kamba, safari hii hakuna Bwana wa kumsihi. Mchezaji walimchukua, akatoroka mlimani, maana kukimbia alikuwa bado anakujua. Yule mtani mrefu hakuwahi.

Mara yangu ya mwisho kumwona Mchezaji katika siku za Mjerumani ilikuwa mwaka ule Wajerumani walipokuwa wakiondoka Morogoro. Nilikuwa natoka Gairo na chumvi mgongoni, chumvi wakati ule ilikuwa dhahabu. Nilipofika Mlali nikasikia vilio. Mtu mmoja aliyetoroka msafarani alikuwa amerudi na habari: yule mrefu mwenye mwanya amekufa chini ya mzigo wa risasi, mbali kusini, ameachwa kando ya njia. Hakuna maiti, hakuna kaburi. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka, kitambaa kichwani, hata kulia ameshindwa, anatazama tu mlango kama anamngoja mtu mwenye deni.

Nikaweka mzigo chini, nikakaa na wanaume. Hapo nikamwona Mchezaji anakuja kutoka upande wa shamba lake, jembe begani, matope mpaka magotini. Hakusalimia mtu. Alipita katikati ya watu, akaenda moja kwa moja jikoni kwenye msiba, akafunua chungu, akakibeba kile chungu kizima cha moto, akaja nacho mpaka mbele ya mkeka wa mama. Akakaa chini. Akakiweka katikati ya miguu yake, akaanza kula kwa mkono.

Akasema, mdomo umejaa, "Mnalia nini? Namfahamu mimi. Mvivu yule. Tangu utoto hajapata kufikisha mzigo. Hata kufa amekwenda kufia mbali, asichimbiwe kaburi, kwa uchoyo tu, ili mimi nisile mbuzi wake."

Kaka za marehemu waliinuka. Mmoja alikuwa na mchi mkononi, na hakuushika kwa mapambo. Kama si mtani, aliyoyafanya hayasemeki. Mtu angeuawa pale na hakuna ambaye angeuliza. Nami niliinuka, maana ningefanyaje, nilikuwa mlango wake. Mchezaji hakugeuka kuwatazama. Aliendelea kula, ugali unadondoka.

Mama akasema, "Mwacheni."

Akanyanyuka kwenye mkeka kwa shida, akashika ukuta, akaenda jikoni. Tulimsikia anakwangua. Akarudi na upawa umejaa majivu. Akasimama juu ya Mchezaji, akamtazama kwa muda, kisha akammwagia majivu yote kichwani, mpaka yakamshuka shingoni na ndani ya chungu.

"Mla magimbi mabichi wewe," akamwambia. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Mchezaji akatia mkono chunguni tena. Machozi yamemjaa, majivu yanamwingia mdomoni, anatafuna.